Kiungulia Kisichokoma: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua Dawa Nyingine

Watu wengi wanaposumbuliwa na kiungulia hawaanzii zahanati, huanzia dukani. Hueleza kwamba kifua kinawaka moto, hupewa vidonge vya kutafuna au kapsuli kumi, hulipa na kwenda zao. Kwa kiungulia cha siku moja baada ya karamu, utaratibu huo hauna ubaya. Shida huanza pale mtu anaporudi dukani wiki inayofuata, na nyingine, na nyingine tena, hata miezi ikapita na fedha zikaisha, naye hajapata kuambiwa anaumwa nini.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya mtumiaji wa namna hiyo. Tunakusudia kueleza kiungulia hutokana na nini, kila aina ya dawa inayouzwa hufanya kazi gani, mambo gani huleta nafuu bila gharama, na dalili zipi humtaka mtu aache kununua na aende kupimwa. Jambo kuu tunalotaka likumbukwe ni hili: kupata nafuu si sawa na kujua ugonjwa. Dawa inaweza kuzima moto na ikaacha kilichouwasha palepale.

Kiungulia ni nini, na si nini

Chakula kikishamezwa hupita katika umio, yaani mrija unaounganisha koo na tumbo. Mwisho wa umio pana msuli wa mviringo ulio mfano wa mlango. Hufunguka kuruhusu chakula kiingie tumboni, kisha hufunga. Ndani ya tumbo mna asidi kali inayosaidia kumeng'enya chakula na kuua vijidudu. Ukuta wa tumbo umekingwa kwa ute mzito dhidi ya asidi hiyo. Umio haukukingwa hivyo. Msuli ule ukilegea, au ukifunguka wakati usiofaa, asidi hupanda na kuunguza umio. Hapo ndipo mtu husikia moto nyuma ya mfupa wa kifua, maji machungu au makali yakija kinywani, na pengine chakula kurudi kooni anapoinama au kulala.

Asidi ikipanda kwa muda mrefu haiishii kuunguza kifua. Baadhi ya watu hupata kikohozi kikavu cha usiku, sauti ya kukwaruza, au meno yanayolika. Wengine hupata vidonda katika umio, na makovu ya vidonda hivyo yakauziba hata chakula kikapita kwa taabu.

Katika mazungumzo ya kila siku, maumivu yoyote ya sehemu ya juu ya tumbo huitwa "vidonda vya tumbo", "gesi" au "asidi". Majina hayo huchanganya magonjwa yaliyo mbalimbali. Vidonda vya tumbo ni majeraha halisi katika ukuta wa tumbo au wa mwanzo wa utumbo mdogo, na aghalabu maumivu yake huwa kwenye chembe cha moyo. Kiungulia hutokana na asidi iliyotoka mahali pake. Mtu anaweza kuwa na kimoja pasipo kingine, na tiba zake hazilingani.

Lipo kosa jingine lililo la hatari zaidi, nalo ni kudhani maumivu ya moyo ni kiungulia. Maumivu ya kifua yanayobana au kukandamiza, yanayosambaa kwenye mkono, bega, shingo au taya, yanayoambatana na jasho jembamba, kichefuchefu au kukosa pumzi, hayapelekwi dukani. Yanapelekwa hospitali saa hiyohiyo. Wenye kisukari, shinikizo la damu au historia ya kuvuta sigara wazingatie jambo hili zaidi. Wala nafuu iliyopatikana baada ya kutafuna kidonge cha asidi haithibitishi kwamba moyo uko salama.

Kwa nini hakikomi

Kiungulia kinachomjia mtu mara mbili au zaidi kwa wiki hakihesabiwi tena kuwa cha kupita. Kabla ya kufikiria dawa, yafaa kutafuta kinachokirudisha.

Uzito wa kiuno ni sababu mojawapo kubwa. Mafuta yaliyojaa tumboni husukuma tumbo juu, na msuli ule hulemewa. Mimba hufanya vivyo hivyo. Zaidi ya hayo, homoni za ujauzito huulegeza msuli. Kuvuta sigara huulegeza, na pombe pia. Vyakula vyenye mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu. Kahawa, chai ya rangi iliyokolea, soda, pilipili, nyanya na matunda yenye ukali huwasumbua baadhi ya watu na kuwaacha wengine salama. Kwa sababu hiyo hatushauri mtu aache kila kitu kwa pamoja. Andika kwa majuma mawili ulichokula na saa ulipoungua, nawe utaona kilicho chako.

Sababu inayosahaulika mno ni dawa nyingine anazomeza mgonjwa. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo wengi hununua kwa ajili ya mgongo, magoti au kichwa, hujeruhi ukuta wa tumbo. Hutokea mtu akanunua diklofenaki kwa mkono mmoja na dawa ya asidi kwa mkono mwingine, mwezi baada ya mwezi, bila yeyote kumwambia kwamba ya kwanza yaweza kuwa ndiyo inayomlazimu kununua ya pili. Doksisaiklini na vidonge vya madini ya chuma vikimezwa kwa funda dogo la maji, kisha mtu akalala, huweza kunasa na kuunguza umio. Vimezwe kwa bilauri nzima ya maji, hali mtu ameketi au amesimama. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama nifedipini na amlodipini, zinaweza kuulegeza msuli wa umio. Hizo usiziache kwa uamuzi wako. Mweleze daktari ili aangalie kama zipo nyingine zinazokufaa.

Nafuu isiyogharimu fedha

Chukua mfano wa mtu anayerudi nyumbani saa mbili usiku, akala ugali na nyama ya kukaanga saa tatu na nusu, akalala saa nne. Amejaza tumbo, kisha amelilaza sawa na umio. Asidi haina haja ya kupanda, inatiririka tu. Mtu huyo akila chakula kizito mchana, akapunguza cha jioni, na akaacha saa tatu zipite kati ya kula na kulala, huenda akapata nafuu kubwa bila kununua kitu. Ushauri huo unafaa pia katika mwezi wa Ramadhani: futari nzito iliyoliwa kwa haraka, na daku inayofuatwa na usingizi papo hapo, huwatesa wengi. Kula kidogo kidogo, na kuketi kwa muda baada ya daku, husaidia.

Mwenye kuungua usiku ainue upande wa kichwa wa kitanda kwa sentimita 15 hadi 20, kwa kuweka matofali au vipande imara vya mbao chini ya miguu ya kitanda. Kurundika mito hakutoshi, kwa kuwa mito hukunja mwili kiunoni na kulibana tumbo. Kulalia ubavu wa kushoto nako hupunguza asidi inayopanda, kwa sababu ya umbo la tumbo lenyewe. Kupunguza uzito kwa mwenye uzito uliozidi, kuacha sigara, na kutojibana kiuno kwa mkanda au nguo baada ya kula, ni mambo mengine yenye manufaa.

Aina tatu za dawa na kazi zake

Majina ya biashara ni mengi, lakini dawa zinazouzwa sana kwa kiungulia ni za aina tatu. Atakayezijua hatauziwa kitu kilekile kwa majina mawili.

Aina ya kwanza ni dawa zinazopoza asidi iliyokwisha kutoka. Hizi ni vidonge vya kutafuna na dawa za maji zenye magnesiamu, alumini au kalsiamu. Hufanya kazi kwa dakika chache, na nguvu yake huisha baada ya saa moja au chache. Zinafaa kwa kiungulia cha mara mojamoja. Zenye magnesiamu huweza kuharisha; zenye alumini huweza kufunga choo. Mwenye ugonjwa wa figo asizitumie bila ushauri. Zaidi ya hayo, dawa hizi hushikamana na dawa nyingine tumboni na kuzizuia zisiingie mwilini, mathalani siprofloksasini, doksisaiklini na vidonge vya madini ya chuma. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye dolutegraviri ameze dawa hizo saa mbili kabla ya dawa ya asidi yenye magnesiamu au alumini, au saa sita baada yake. Kutozingatia nafasi hiyo huweza kudhoofisha tiba anayoitegemea kwa uhai wake.

Aina ya pili ni dawa zinazopunguza utengenezaji wa asidi kwa kuzuia ishara ya histamini, kama famotidini na simetidini. Huchelewa kidogo kuliko za kwanza lakini hudumu kwa saa nyingi zaidi, na hufaa kwa kiungulia cha usiku. Zikitumiwa kila siku mfululizo, mwili huzizoea na nguvu yake hupungua. Simetidini huingiliana na dawa nyingi, zikiwamo warfarini na fenitoini ya kifafa. Katika kundi hili ilikuwamo pia ranitidini, iliyotumika duniani kwa miaka mingi. Mwaka 2019 ilibainika kwamba ina uchafu uitwao NDMA, unaodhaniwa kusababisha saratani, na mwezi Aprili 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji waiondoe sokoni. Ukiwa na vidonge vya zamani vya ranitidini nyumbani, usiendelee kuvitumia. Mwombe mfamasia akupe mbadala.

Aina ya tatu ndiyo yenye nguvu kupita zote: omeprazoli, esomeprazoli, lansoprazoli, pantoprazoli na nduguze. Hizi hufunga vijipampu vinavyomimina asidi tumboni. Vijipampu hivyo huamka mtu anapokula. Kwa hiyo dawa haina budi kuwa imekwisha kuingia katika damu kabla ya chakula. Ndiyo maana humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya mlo, aghalabu wa asubuhi. Wengi huimeza baada ya kula, au pale tu kifua kinapowaka, kisha husema haifanyi kazi. Dawa hizi si za kuzima moto wa saa hii. Huchukua siku kadhaa kufikia nguvu yake kamili. Kapsuli imezwe nzima, wala chembechembe zilizo ndani zisitafunwe, kwa sababu zimevikwa utando unaozilinda zisiharibiwe na asidi yenyewe.

Daktari anapoziandika kwa kiungulia, kwa kawaida huziandika kwa majuma manne hadi manane, kisha hutazama hali upya. Kuzitumia kwa miaka bila usimamizi si jambo la kupuuzwa: matumizi ya muda mrefu yamehusishwa na upungufu wa magnesiamu na vitamini B12, maambukizi ya utumbo, na uwezekano mkubwa zaidi wa kuvunjika mifupa. Hata hivyo, wapo wagonjwa wanaozihitaji kwa muda mrefu, nao wasiziache kwa kuogopeshwa na maneno haya. Yatupasa kueleza jambo moja zaidi. Aliyezitumia kwa miezi, akaziacha ghafla, huweza kuungua kuliko awali kwa siku au majuma kadhaa, kwa kuwa tumbo hutoa asidi kwa wingi baada ya kizuizi kuondoka. Wengi hudhani ugonjwa umerudi, nao hurejea dukani. Njia iliyo salama ni kupunguza dozi taratibu kwa maelekezo ya daktari au mfamasia.

Kupima bakteria wa tumbo

Siku hizi maabara nyingi hutangaza kipimo cha bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Ni bakteria halisi, na ndiye chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua na kuonyesha uhusiano huo. Lakini mtumiaji ajue mambo matatu kabla ya kulipa.

Kwanza, kipimo cha damu kinachotafuta kinga za mwili hakiwezi kutofautisha maambukizi ya sasa na yaliyopita. Aliyekwisha kupona anaweza kuonekana mgonjwa. Kipimo cha choo kinachotafuta bakteria mwenyewe, au kile cha pumzi, huaminika zaidi. Pili, omeprazoli na nduguze huweza kumficha bakteria. Kipimo cha choo au cha pumzi hufanywa baada ya kuziacha kwa majuma mawili, na baada ya majuma manne tangu antibiotiki ya mwisho. Tatu, bakteria huyu hasababishi kiungulia kwa namna anavyosababisha vidonda. Mtu anaweza kutibiwa bakteria kwa mafanikio, na asidi yake ikaendelea kupanda. Usikubali kuuziwa mchanganyiko wa antibiotiki bila kupimwa. Ukiandikiwa baada ya kupimwa, umalize wote.

Tiba za nyumbani na za mnadani

Maziwa hupoza kwa muda mfupi, kisha huliamsha tumbo litoe asidi zaidi. Magadi yaliyokorogwa katika maji hupoza pia, lakini yana sodiamu nyingi, hivyo hayamfai mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au figo, wala mjamzito. Udongo unaotafunwa na baadhi ya wajawazito unaweza kuwa na madini ya risasi na mayai ya minyoo, na huweza kuzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Mjamzito anayeungua aeleze kliniki. Zipo dawa zinazomfaa.

Ama dawa za chupa zinazouzwa minadani, katika mabasi au kwa ujumbe wa simu, zikiahidi kuponya "vidonda, asidi, gesi na presha" kwa mara moja, tunashauri tahadhari. Dawa ya asili ya biashara hutakiwa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muuzaji asiyeweza kuonyesha usajili, orodha ya vilivyomo na anwani ya mtengenezaji, hajakupa msingi wa kumwamini. Jihadhari hasa na anayekutaka uache dawa za hospitali.

Dalili zisizosubiri

Nenda kituo cha afya chenye daktari, wala usinunue dawa nyingine, ukiona mojawapo ya haya:

1. Chakula kinakwama au kinauma wakati wa kumeza.
2. Unapungua uzito bila kukusudia.
3. Unatapika damu, au matapishi yanayofanana na kahawa iliyosagwa.
4. Choo ni cheusi na cha kunata kama lami. Vidonge vya madini ya chuma navyo huweza kukifanya choo kiwe cheusi. Mweleze daktari kama unavitumia.
5. Unatapika mara kwa mara, au umeambiwa una upungufu wa damu.
6. Kiungulia kimeanza ukiwa na umri wa miaka 55 au zaidi.
7. Umetumia dawa kwa siku 14 bila nafuu, au kiungulia hurudi kila unapoiacha.

Dalili ya kwanza tunaisisitiza kwa sababu ya mahali tunapoishi. Ukanda wa Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia hadi Malawi, ni miongoni mwa sehemu za dunia ambako saratani ya umio huonekana sana, na wapo wanaoipata kabla ya kufikia uzee. Mara nyingi huanza kwa nyama au ugali kupita kwa shida. Mgonjwa huhamia uji, kisha maji, huku akinywa dawa za kiungulia. Kufikia hospitali, ugonjwa huwa umesonga mbali. Kijana anayekwamwa na chakula asiambiwe kwamba umri unamlinda. Daktari anaweza kuagiza uchunguzi wa kupitisha kamera nyembamba kinywani hadi tumboni, nao huonyesha umio kama ulivyo. Na kwa kuwa mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vinywaji vinavyozidi nyuzijoto 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani, ni busara kuiacha chai ipoe kidogo kabla ya kuinywa.

Unapokuwa dukani

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji maswali haya, nawe usione haya kuyauliza, kwa maana ni haki yako kujua unachonunua:

Jina la dawa yenyewe ni lipi, mbali na jina la biashara? Omeprazoli ya miligramu 20 ni dawa ileile hata kama boksi ni la rangi nyingine. Mara nyingi tofauti ni bei.

Niimeze saa ngapi, kabla au baada ya kula, na kwa siku ngapi?

Inaingiliana na dawa ninazotumia? Zitaje zote, pamoja na za maumivu na za asili.

Kisha tazama kwamba pakiti haijafunguliwa, tarehe ya mwisho ya matumizi inasomeka, na maandishi ya lebo si ya kutia shaka. Nunua katika famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali kilichotundikwa ukutani, na udai risiti. Ukishuku kwamba dawa ni bandia au imekudhuru, hifadhi pakiti na risiti, kisha toa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Malalamiko kuhusu mwenendo wa famasi au duka la dawa hupelekwa Baraza la Famasi.

Mwisho, tunamshauri kila mwenye kiungulia cha kurudiarudia atunze karatasi moja: amekula nini, ameungua saa ngapi, amenunua dawa gani na kwa siku ngapi. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbukia mlangoni. Na ikiwa imejaa majina ya dawa kwa mwezi mzima, basi imekwisha kumwambia mwenyewe kwamba wakati wa kwenda kupimwa umefika.